Nirudie GRE? Sababu tisa, kutoka dhaifu hadi nzito

Ukimaliza swali la mwisho la GRE, kompyuta haikuzungushi. Inakuuliza kama unataka alama zako zihesabiwe, na ukikubali inakuonyesha palepale namba mbili, ya lugha na ya hesabu, kila moja kati ya 130 na 170. Ya insha huja baadaye pamoja na matokeo rasmi, kwa kawaida baada ya siku 8 hadi 10. Hujafika hata kituo cha daladala na swali limeshakukaba: nirudie?

Kanuni hazikuzuii. ETS, shirika la Marekani linalouendesha mtihani huu, linakuruhusu kurudia baada ya siku 21, hadi mara 5 ndani ya miezi 12. Anayekuzuia ni mfuko: ada imepita dola 200, na kwa Tanzania hiyo ni zaidi ya nusu milioni. Vijana wengi wanaotaka kwenda Marekani kusoma uzamili au uzamivu hunieleza sababu zao za kurudia, na sababu hizo zinafanana mno. Nimezipanga hapa, nikianzia na ile isiyostahili hata shilingi moja, hadi ile ambayo ukiwa nayo nakusihi ujisajili leo.

9. Mjomba ameuliza umepata ngapi

Mjomba ana haki ya kuuliza, hasa kama alichangia ada. Lakini ukimwambia 155 atasema, "Kati ya ngapi?" Ukimwambia 170 atashangilia. Ukimwambia kipimo chenyewe kinaanzia 130, shangwe itapungua, halafu atauliza lile analolitaka: umefaulu au umefeli?

GRE haina kufaulu wala kufeli. Hakuna division one, hakuna sapu, hakuna kudisko. Kuna namba, na kuna idara inayoisoma namba hiyo kwa macho yake. Mwambie, "Matokeo yametoka, mjomba, tuombeane heri," kisha endelea na kazi. Hurudii mtihani kwa ajili ya kikao cha ukoo.

8. Rafiki yako kapata 168

168 ya nini? Muulize hilo kabla hujaanza kujilaumu, maana namba moja ina uzito tofauti kila upande wa mtihani. Kwenye lugha, 160 inawaacha nyuma zaidi ya asilimia 80 ya watahiniwa. Kwenye hesabu, 160 hiyohiyo inakuweka karibu na katikati. Wahandisi na wanasayansi wa kompyuta, wengi wao kutoka India na China, huufanya mtihani huu kwa maelfu kila mwaka, na upande wa hesabu ndio wanaojazana kwenye namba za juu.

Kwa hiyo wewe unayeomba historia ya Afrika ukiwa na 161 ya lugha, mpongeze rafiki yako mhandisi na ulale vizuri; idara yako itaifurahia namba yako kuliko yake. Na wewe mhandisi mwenye 160 ya hesabu uliyekuwa unatabasamu, tutakutana kwenye sababu ya 2.

7. Insha imetoka 3.5

Insha hupimwa kuanzia 0 hadi 6, kwa hatua za nusu alama. Unaandika kwa dakika 30 juu ya mada moja, na anayekusahihisha ni mtu akisaidiwa na kompyuta. Kamati ya udahili nayo itakuwa mezani na maelezo ya malengo yako uliyoyaandika kwa wiki kadhaa, na kwenye fani nyingi itakuwa pia na sampuli ya kazi zako za kitaaluma. Hizo ndizo insha zitakazokusemea. Anayetaka kurudia mtihani mzima kwa ajili ya nusu alama hapa, namwomba anikabidhi simu yake hadi hamu ya kujisajili impite.

Kama ni 2.5 na fani yako ni ya kuandika usiku na mchana, hapo nakusikiliza. ETS wameweka hadharani orodha ya mada zote zinazoweza kutoka. Chukua kumi, andika, mpe mtu mkali azisome.

6. "Mara ya pili huwa rahisi"

Anayekuambia hivi hajakudanganya sana. Mara ya pili mlango unaujua, saa ya kwenye skrini umeizoea, tumbo limetulia. Tatizo ni kwamba utulivu wa tumbo si lazima uonekane kwenye namba.

Kila kipimo kina mtikisiko wake. Mtu yuleyule, mwenye uwezo uleule, akifanya GRE leo na mwezi ujao, alama yake inaweza kupanda au kushuka bila yeye kujifunza kitu wala kusahau kitu. ETS wenyewe huchapisha ukubwa wa kosa hilo la kipimo, na ni kama alama 2 hivi kwenye lugha, na karibu hivyohivyo kwenye hesabu. Ni kama mizani ya muuza samaki pale Feri: mpime changu yuleyule mara mbili, mshale hausimami palepale. Kwa hiyo mwenye 157 anayeitafuta 159 anatoa nusu milioni kununua bahati, na bahati hiyo inaweza kumrudisha 155.

Swali langu kwako ni moja: nini kimebadilika tangu siku ile? Ukinijibu "nimepumzika", bado hujanijibu. Lakini ukiniambia uliacha maswali wazi, hapo tuna mazungumzo. Kwenye GRE jibu lisilo sahihi halikukati chochote, na kuacha swali tupu ni kutupa nafasi uliyokwisha kuilipia. Ukiniambia uling'ang'ania swali la nne hadi dakika zikaisha, hilo nalo linarekebishika. Tangu Septemba 2023 mtihani wote ni saa 1 na dakika 58. Hesabu huanza na maswali 12 kwa dakika 21, yaani hata dakika mbili kwa swali hazitimii. Unaweza kuliwekea swali alama, ukasonga mbele, ukalirudia. Ulivyofanya kwenye sehemu hiyo ya kwanza ndivyo kompyuta itakavyokupangia ugumu wa sehemu ya pili yenye maswali 15, kwa hiyo aliyejikwaa mwanzoni amejifungia alama za juu kabla hajazifikia.

Aliyejikwaa hivyo ana cha kurekebisha. Aliyejibu yote kwa utulivu, akakagua, akapata 157, basi hiyo 157 ni yake na aipeleke kwa heshima.

5. Siku yenyewe iliharibika

Sasa tunaanza kuzungumza. Tangu 2020 GRE unaweza kuifanya nyumbani, na mwenye nyumba tulivu amepata neema. Masharti yake ni haya: uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, kamera izungushwe chumba kizima, na msimamizi akutazame kupitia intaneti mwanzo hadi mwisho. Karatasi za kawaida za kufanyia hesabu haziruhusiwi. Unatumia ubao mdogo mweupe, au karatasi iliyo ndani ya plastiki angavu, na kalamu inayofutika.

Wewe jua tu unaishi wapi. Umeme unaweza kukatika. Kifurushi cha intaneti kinaweza kuyumba katikati ya swali. Jirani anaweza kuwa na shughuli, na mziki wa shughuli ya uswahilini haumjali mtahiniwa. Shangazi anaweza kufungua mlango kukuuliza utakula saa ngapi, kwa upendo kabisa, na msimamizi haufahamu upendo huo. Kama kuna kituo cha mtihani mjini kwako au mji wa jirani, nauli ya kwenda huko ni akiba nzuri. Na kama mitambo ilikukwamisha, waandikie ETS mara moja ueleze, kabla hujatoa senti ya kujisajili upya.

Malaria, msiba, usiku bila usingizi: vyote hivyo ni sababu halali. Nataka ushahidi tu, na ushahidi upo bure. ETS wana majaribio mawili kamili yasiyolipiwa, yanayoitwa POWERPREP, yenye sura ileile ya mtihani wenyewe. Kama majaribio yalikupa 162 na siku yenyewe ikakupa 154, rudia. Namba ile haikuwa yako. Kama majaribio yalikupa 155 na siku yenyewe ikakupa 154, muache jirani na mziki wake, hana kosa.

4. Hesabu uliziaga kidato cha nne

Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo ninapowaona vijana wetu wakijikatia tamaa bila sababu. Kwa Tanzania, ukichagua HKL au HGL kidato cha tano, hesabu mnaagana. Inapita miaka miwili ya sekondari ya juu, mitatu ya shahada, pengine mingine mitatu ya kazi. Halafu siku moja unakaa mbele ya skrini inayokuuliza habari ya vipeo na kipeuo cha pili, unapata 146, na unatoka ukiamini kwamba kichwa chako hakikuumbwa kwa ajili ya namba.

Kichwa chako hakina hitilafu yoyote. Sehemu ya hesabu ya GRE ina hesabu za kawaida, aljebra, jiometri na kusoma takwimu. Kalkulasi haimo. Trigonometria haimo. Kwa kiasi kikubwa ni yale mwalimu wako aliyoandika ubaoni kati ya kidato cha kwanza na cha nne: asilimia, uwiano, milinganyo, maeneo na ujazo, wastani, uwezekano. Na kikokotoo kimo kwenye skrini. Ugumu uko kwenye namna ya kuuliza. Kuna maswali ya kulinganisha kiasi A na kiasi B, yenye majibu manne yasiyobadilika, na la mwisho kati ya hayo husema kwamba taarifa zilizotolewa hazitoshi kuamua. Mtu aliyezoea kukokotoa hadi tone la mwisho anapoteza dakika tatu hapo, wakati aliyejaribu sifuri, namba hasi na sehemu ameshahamia swali linalofuata.

Kwa hiyo aliyefanya GRE bila kufungua daftari la hesabu tangu NECTA ana nafasi ya kupanda kuliko watu wote wengine kwenye orodha hii. Tafuta vitabu vya hesabu vya sekondari, vya kidato cha pili hasa, vile ambavyo mdogo wako anavikimbia. Kaa navyo miezi miwili au mitatu, kila siku, na mkae wawili au watatu mlioanguka pamoja. Kupiga msuli peke yako kwenye hesabu ulizozisahau kunachosha roho. Ukirudia baada ya hapo, unarudia ukiwa mtu mwingine.

Lugha ina tabia tofauti. Maneno magumu ya Kiingereza yanayopendwa na GRE hukaa kichwani kwa kusoma makala ndefu na vitabu kwa miezi mingi. Kukariri maneno mia nane kwa wiki tatu huleta maumivu ya kichwa mengi na alama chache. Mwenye muda wa mwezi mmoja tu, nashauri auweke kwenye hesabu.

3. Alama zimezeeka

Alama za GRE huishi miaka 5 tangu siku uliyofanya mtihani. Zikipita hapo, haijalishi zilikuwa nzuri kiasi gani. Kama unaomba chuo kinachozitaka, unafanya tena, na hakuna cha kujadili. Angalia tarehe yako sasa hivi, usisubiri wiki ya kutuma maombi.

2. Uko chini, na siku bado zipo

Mhandisi wa 160, karibu. Baadhi ya idara hutaja wastani wa alama za wanafunzi waliowapokea. Kwenye uchumi, uhandisi na takwimu, macho yao huenda moja kwa moja kwenye hesabu, na idara kubwa za uchumi hupokea watu wenye namba za juu kabisa za kipimo. Kama pengo lako na wastani wao ni alama moja au mbili, kumbuka mizani ya Feri na uwaache. Kama ni sita au nane, na unajua sababu yake, rudia.

Kuna hofu moja inayowasumbua wengi: "Wataona nimefanya mara mbili." Hawaoni usipotaka. ETS wana huduma iitwayo ScoreSelect, inayokuruhusu kuchagua ni mtihani wa tarehe ipi upelekwe chuoni. Unachopeleka ni mtihani mzima wa siku hiyo. Huwezi kuchukua hesabu ya Agosti ukaifunga na lugha ya Oktoba. Ada yako inakupa pia nafasi ya kupeleka alama kwenye vyuo 4 siku ya mtihani bila malipo mengine. Vinavyoongezeka baadaye unalipia kimoja kimoja, kwa hiyo jua majina ya vyuo vyako kabla hujatoka nyumbani.

Halafu kalenda. Programu nyingi za uzamivu Marekani hufunga maombi kati ya tarehe 1 na 15 Desemba. Toa siku 10 za kusubiri matokeo rasmi. Toa siku 21 kama unataka nafasi ya kurudia. Anayefanya mara ya kwanza katikati ya Novemba amejifungia mlango wa mara ya pili kwa mkono wake, na anayefanya Agosti anao muda wa kuumia, kusoma na kurudi.

Muda huo pia una wagombea wengine, na hapa nasema kwa moyo wote. Mhadhiri wako anayeandika barua ya mapendekezo ana mamia ya karatasi za kusahihisha. Anahitaji wiki sita, pamoja na maelezo ya kazi uliyofanya naye, ili aandike barua yenye mifano badala ya aya mbili za "ni kijana mwenye nidhamu". Maelezo ya malengo yako yanahitaji rasimu nne au tano. Ada ya kuomba chuo kimoja ni kati ya dola 50 na zaidi ya 100, maana yake mtihani mmoja wa kurudia ni maombi mawili au matatu uliyoyaacha. Kama kurudia GRE kutakula Oktoba yako yote na barua zako zikaandikwa kwa haraka, umeboresha namba na kudhoofisha maombi. Nimewaona wenye akili nyingi wakifanya hivyo, na bado linanisikitisha.

1. Idara yenyewe inaitaka

Ndiyo, hii ndiyo ya kwanza kwa uzito, na ndiyo watu wengi huiuliza mwisho.

GRE ilianza 1936, wakfu wa Carnegie ukishirikiana na Harvard, Yale, Princeton na Columbia, na kwa miongo mingi ukitaka kusoma uzamivu Marekani ulikuwa huwezi kuikwepa. Mambo yamebadilika mno. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, na wenzao wa Vanderbilt, kila kundi na kazi yake, walichapisha katika jarida la PLOS ONE matokeo kuhusu wanafunzi wao wa uzamivu wa sayansi za tiba. Kule Chapel Hill alama za GRE hazikuonyesha nani angechapisha makala nyingi zaidi. Kule Vanderbilt zilisaidia kiasi kubashiri alama za masomo ya muhula wa kwanza, lakini hazikuonyesha nani angemaliza shahada. Idara nyingi za baiolojia zikaanza kuuacha mtihani. Ilipokuja korona mwaka 2020 na vituo kufungwa, idara nyingine nyingi zikafuata, na baadhi hazijarudi.

Leo ukifungua kurasa za idara utakuta majibu matatu: inatakiwa, ni hiari, haipokelewi. Pale isipopokelewa, hata 170 mbili hakuna atakayezitazama, na kurudia ni kutupa fedha. Pale inapotakiwa na uko mbali, tumeshaelewana kwenye sababu ya 2.

"Hiari" ndiyo yenye mtego, na ndiyo inayotuhusu sisi zaidi. Kwa Mmarekani aliyesoma chuo kinachojulikana, hiari ni hiari kweli. Wewe una GPA ya 4.2 kwenye mfumo wa Tanzania ambao kilele chake ni 5, na profesa wa Ohio amezoea kilele cha 4. Mwenzako wa Kenya cheti chake kinasema daraja la pili la juu, na msomaji yuleyule hana hakika hilo lina maana gani. Hapo alama nzuri ya GRE inampa msomaji kitu anachokijua. Msimamo wangu ni huu: kama ni hiari na namba yako iko juu ya wastani wa fani, ipeleke. Kama iko chini, usiipeleke, na usirudie isipokuwa una sababu ya 5 au ya 4 mkononi.

Mwandikie mratibu wa masomo ya uzamili wa idara hiyo. Barua pepe yake huwa kwenye ukurasa wa idara. Mistari mitatu inatosha: je, GRE inatakiwa kwa mwombaji wa kimataifa mwaka huu, je, kuna wastani wa waliopokelewa unaoweza kunitajia, je, kuna msamaha wa ada ya maombi. Hilo la tatu uliza bila haya. Baadhi ya vyuo husamehe, na huko ni lazima uombe mapema, kabla ya kulipa na kabla ya siku ya mwisho. Ofisi za ushauri za EducationUSA, zinazoendeshwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, zipo Dar es Salaam na Nairobi, na kuwauliza huko nako hulipii.